Barua kwa mwanangu anayetaka kuacha kazi aoke keki

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, nami nashukuru kwamba umeniuliza kabla ya kuamua. Unasema keki zako husifiwa kila unapozipeleka ofisini, na kwa kuwa mimi niliwahi kuitoa achari ya embe mezani kwetu nikaifikisha madukani, unataka kujua kama nawe uache kazi ya ununuzi ushike uokaji peke yake. Jibu langu ni kwamba bado, na sababu zangu hazihusu utamu wa keki zako, ambao naujua vizuri.

Achari ile sikuianza kwa ajili ya fedha. Nilitaka tu kuipata ladha ya bibi yako mzaa baba, ambaye hakuwa na kipimo kingine ila kiganja chake, na kila nilipomuuliza chumvi inaingia kiasi gani alinijibu, "Ya kutosha." Wakati huo nilikuwa bado nafundisha kemia, kwa hiyo nikaliweka bakuli lake juu ya mizani, na kila alipotia chumvi, pilipili, bizari au siki nikaandika gramu daftarini, naye akinicheka kwamba nimegeuza jiko kuwa maabara.

Daftari hilo ndilo lililozaa biashara. Mnunuzi hataki kushangazwa. Anataka chupa ya Februari ifanane na ile ya Desemba, ingawa embe za mwanzo wa msimu na za mwisho hazina uchachu mmoja. Na uchachu si ladha tu, bali ni usalama, kwa kuwa pH ya achari (kipimo cha uchachu, ambacho hupanda uchachu ukipungua) ikizidi 4.6, bakteria wa botulismi, yaani sumu ya chakula inayoweza kuua, wanaweza kuota ndani ya chupa iliyofungwa, tena ulimi usigundue lolote. Keki kavu haina hatari hiyo, lakini keki ya krimu katika joto la Dar es Salaam ina yake, na sijaona katika barua yako ni nani atakayeibeba kutoka jikoni hadi ukumbini, wala kwa usafiri gani.

Kuhusu gharama, nilipokaa na karatasi nikaona kwamba chupa na kifuniko chake vilinigharimu zaidi ya embe, viungo na mafuta vyote pamoja, maana wakati wa msimu embe za Muheza huwa nyingi hadi zinaoza chini ya miti. Wewe nawe hesabu sanduku, umeme au gesi, na bodaboda. Kisha andika mshahara wako mwenyewe, kwa kiwango kile kile unacholipwa kazini, kwa kila saa unayosimama jikoni. Usipouandika, utakuwa unamchangia mteja gharama ya harusi yake kwa usingizi wako.

Jambo ambalo ningependa ulifikirie zaidi ya yote ni hili: kadiri achari ilivyouzika, ndivyo mimi nilivyopungua jikoni. Wenye maduka walichukua mzigo kwa mali kauli, yaani fedha yangu ilikaa rafuni kwao mpaka chupa ziuzike, na siku zangu zikaishia kuzunguka mjini nikidai. Alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosajili vyakula badala ya iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, nayo ilitaka sampuli, ukaguzi wa jengo na fomu zake, ingawa SIDO, shirika la viwanda vidogo, walinishika mkono vizuri. Wewe unapenda kupamba keki. Ukiwa na duka, huenda atakayepamba akawa kijana uliyemwajiri, nawe ukawa mtu wa kutafuta unga wa bei nafuu, kukagua mayai na kumkumbusha bibi harusi salio lake. Jiulize kama unaipenda kazi hiyo pia.

Nakuuliza hivyo kwa sababu nadhani unaipenda, ila hujaitambua. Kulinganisha bei za wagavi, kukataa mzigo usiofikia kiwango na kusoma mkataba hadi mstari wa mwisho ni nusu ya biashara yoyote ya chakula, na wewe unalipwa kila mwezi kujifunza hayo. Mimi nilijifunza kwa fedha ya kiinua mgongo changu.

Hizo sifa za ofisini ziweke kando kwanza, kwani wanaosifu wanakula bure. Toza bei kamili kwa watu wasiokujua, uone nani anarudi bila kubembelezwa. Wala usiwauzie wagavi wa kampuni yenu, hata wakiomba wenyewe, kwa kuwa afisa ununuzi anayemuuzia keki mtu anayesubiri zabuni kwake atakuwa ameingia katika mgongano wa maslahi, na jina lako lina thamani kuliko oda moja.

Wateja wanaorudi wenyewe wakishapatikana, na mshahara wako ukaonekana ndani ya bei bila kuwakimbiza, andika barua ya kuacha kazi. Kwa mtu anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka taarifa isiyopungua siku 28, nazo zitakutosha kutafuta oveni kubwa. Mizani nitakununulia mimi. Kwa sasa nitumie hesabu ya keki moja, ukianza na sanduku.

Baba yako anakusalimu sana.

Ni mimi mama yako,
Tanga