Desemba waachieni watu wazima, watoto wapelekeni kwa bibi mwezi wa sita

Dada mleta uzi, nimesoma maelezo yako na ya wote waliochangia kabla yangu. Kwa aliyeingia sasa: dada anaishi Dar, ameolewa Kilimanjaro, ana watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ana mwaka na miezi mitatu na bado hajatembea. Mume anataka kila Desemba wapande kijijini. Yeye kachoka, maana nauli ni kubwa, watoto wanarudi na kikohozi, mama mkwe ana maneno kuhusu huyo mdogo, na hela yenyewe ingetosha kuwapeleka Zanzibar. Anauliza kama kuna ulazima. Zaidi ya nusu yenu mmemjibu "si ulijua unaolewa na Wachaga", jibu ambalo sijui limemsaidia nini.

Mimi ni Mbondei wa Muheza, Tanga, nimeolewa Marangu, hukohuko Kilimanjaro, nina watoto watatu na wa kwanza yuko sekondari. Njia hiyo nimeipita na mimba, nimeipita na mtoto wa mgongoni, nimeipita na wote watatu wakitapika kwa zamu kuanzia Chalinze. Ushauri wangu ni kwamba kwenda uende, ila mwezi ubadilishe.

Desemba tuiseme ilivyo. Stendi ya Magufuli pale Mbezi, siku mbili tatu kabla ya Krismasi, si mahali pa mtu mwenye mtoto wa kubeba. Tiketi zimeisha siku nyingi, walanguzi wanakuita shangazi, na hata hayo magari ya ziada yanayopewa vibali vya muda yanajaa kabla hujajua yanapakilia wapi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 pumzi imepatikana kidogo, kwa sababu watoto wanalala njiani, lakini msongamano ni uleule. Ukifika, huko juu kuna kazi. Kwa kuwa watu wote wako nyumbani, kila jambo la mwaka mzima linasukumwa hapo: ubatizo, kipaimara, harusi, kikao cha ukoo, kwenda kuwapa pole waliofiwa tangu mwezi wa tatu. Mama mkwe wako humpati. Asubuhi yuko kanisani, mchana yuko kwenye sufuria, jioni ana wageni. Mtoto wako anashikwa mashavu na watu asiowajua, anapewa soda, anawekwa sebuleni kwenye magodoro na binamu zake waliotoka Arusha, Nairobi na Mwanza, na mmoja wao kaja na mafua. Hicho kikohozi unachokilalamikia kinatoka hapo. Mlima unasingiziwa.

Mwezi wa sita shule zimefungwa, basi unachagua siti kwa nauli ya kawaida, na bibi yuko peke yake na ng'ombe wake. Kuna na treni ya kwenda Moshi na Arusha, iliyorudi Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka 2020, baada ya njia hiyo kukaa zaidi ya miaka 20 bila treni ya abiria. Inakwenda siku chache kwa wiki na inachukua muda mrefu kuliko basi, kwa hiyo uliza ratiba mapema. Ila mtoto anaweza kusimama, kutembeatembea na kwenda chooni bila kumsubiri dereva, na kwa anayesafiri na watoto wadogo hilo lina thamani kuliko saa utakazookoa kwa basi.

Baridi ipo, sikudanganyi. Juni masika yametoka kuisha, Marangu inaamka na ukungu, na mlima unaweza kujificha siku nyingi mfululizo. Beba masweta mawili kwa kila mtoto, soksi nzito na kofia inayofunika masikio. Mtumba wa Karume utakutosheleza, usiende dukani.

Sasa kwa nini nasema uende. Ukiniuliza watoto wangu wamepata nini Desemba zote, watakutajia nyama. Mwezi wa sita ndipo walipompata bibi yao. Binti yangu mkubwa alijifunzia kumenya ndizi pale jikoni, kwenye kile kigoda kifupi. Bibi alimpaka mafuta ya kula viganjani kwanza ili utomvu usigande, akamwonyesha kukata ncha zote mbili, kupasua ganda kwa urefu, halafu kulisukuma kwa dole gumba badala ya kulichuna na kisu. Ndizi mshare, za mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Za mwanzo zilitoka zimebaki vijiti, nyama yote imeondoka na ganda. Bibi hakusema neno, alizitia sufuriani hivyohivyo. Siku za mwisho alikuwa anamenya mkungu huku anaongea, haangalii mikono. Mimi mwenyewe mtori nimeujua kwenye uzazi wake, mama mkwe aliposhuka Dar na kiroba cha ndizi akanipikia mpaka maziwa yakawa yanamwagika, na mpaka leo wangu haufiki kwake. Wa binti unafika.

Halafu kuna makaburi. Kwa wenzetu wa mlimani mtu anazikwa kihambani kwake, yaani kwenye shamba la nyumbani, kwa hiyo babu mzaa babu yupo pale kati ya migomba na kahawa, hatua chache kutoka mlangoni. Desemba watu wanayapita makaburi wakienda kuegesha magari. Juni, bibi alikuwa akienda kukata majani ya ng'ombe anawachukua watoto, anasimama, anawaambia huyu ni nani, alikuwa na ugomvi gani na jirani juu ya mfereji wa maji, alimuoa nani na mahari ilichelewaje. Mwanangu wa kati, ambaye shuleni historia haimwingii hata kwa dawa, ukoo wa baba yake anaukariri vizazi vinne.

Na majina. Mtoto wa kwanza wa kike kapewa jina la mama mkwe, kama desturi yao inavyotaka, na wa pili ndiyo upande wangu ukapata. Mnaojua mnajua hilo linavyokuweka pabaya: unataka kumfokea mtoto aliyemwaga uji, mwenye jina kakaa hapo anakutazama. Binti huyo, mama yangu mzazi anamwita "mke mwenzangu" wakienda Muheza, na kitinda mimba wa kiume anaitwa "mume wangu", anaulizwa mbele za watu hela ya matumizi iko wapi. Mara ya kwanza mtoto alilia. Sasa anajibu kwamba mshahara haujatoka. Utani wa bibi na mjukuu haufundishwi kwa simu ya video, mtoto anatakiwa akae nao kidogo mpaka aache kuona haya.

Muheza nimeitaja makusudi. Wengi wetu tulioolewa Kaskazini tunapita Segera tumelala, tunashtukia Korogwe. Kwetu ni kona ndogo tu kutoka pale Segera kwenye barabara ya Tanga, na Juni ni msimu wa machungwa. Nilikubaliana na mwenzangu kwamba safari ya mwezi wa sita inaanzia kwetu, tunalala siku kadhaa, ndipo tunaendelea. Kwanza inakata safari katikati, watoto hawafiki Himo wamekuwa mlenda. Pili, mtoto ana bibi wawili. Sijui kwa nini katika uzi mzima hakuna aliyemuuliza dada kwao ni wapi.

Tuje kwa mdogo asiyetembea, maana naona hilo ndilo linalokuuma kuliko nauli. Mwaka na miezi mitatu hajachelewa. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa nchi mbalimbali, na watoto wenye afya walianza kutembea wenyewe kwa nyakati tofauti sana, wengine kabla ya miezi 9, wengine wakikaribia miezi 18. Angalia yanayotangulia: anakaa bila kuegemea? anasimama dede? anashika kochi na kulizunguka? anatumia miguu yote miwili sawasawa? Kama ndiyo, subiri. Akifika miezi 18 ana chanjo ya pili ya surua na rubella, na siku hiyo nenda na kadi yake umwambie muuguzi waziwazi kwamba hatembei, usingoje aulize. Kama hata kusimama kwa kushikilia hawezi, au mguu mmoja anauburuta, usingoje hiyo miezi 18, nenda wiki hii.

Maneno ya mama mkwe kuhusu miguu ya mtoto nimeyasikia na mimi. Wa kati alikaa mtoto wa beseni na kanga muda mrefu, kutambaa hakutambaa, alikuwa anasota kwa makalio. Mama mkwe alisema mengi, kisha akafanya moja: kila jua likichungulia, anatandika gunia uani, anamkanda miguu kwa mafuta yaliyopashwa moto, anamsimamisha ashike kingo ya lile benchi la kukamulia, anaweka kikombe cha maziwa upande wa pili. Mtoto akawa analizunguka benchi kufuata kikombe. Siku alipoliachia na kwenda tata hatua zake za kwanza mimi nilikuwa nafua, nikaitwa kwa kelele nikidhani ng'ombe katoka. Sisemi mafuta ndiyo yalimtembeza, muda wake ulikuwa umefika. Ila bibi alikuwa na muda wa kukaa na kikombe asubuhi nzima, muda ambao Desemba hana na mimi Dar sina. Tangu hapo maneno yakaisha yenyewe, maana mtoto akawa kazi yake. Jaribu kumpa mama mkwe wako mtoto badala ya kumpa taarifa za mtoto.

Jambo moja uwe mkali: dawa za kienyeji za kunywa. Kukanda sawa, uji sawa, mtori sawa. Kitu cha kunyweshwa kutoka kwenye chupa isiyo na jina, kwa heshima zote, "mama, daktari wake amekataza". Daktari hana mkwe kijijini, mtupie yeye lawama.

Mkubwa wako wa darasa la pili yuko kwenye umri wa kung'oka meno ya mbele. Akienda na jino linalocheza litang'olewa na bibi kwa uzi kabla hujateremsha mabegi, na litarushwa juu ya bati. Usilizuie hilo. Mpeleke na kwenye maporomoko ya Kinukamori, yako karibu na Marangu mtoni kabisa, na mpande gari mpaka getini mwa hifadhi aone wapagazi wanavyofunga mizigo. Mtoto wa Kilimanjaro asiyewahi kuona watu wakianza kuupanda mlima wa nyumbani kwao ananishangaza.

Zanzibar nayo nenda. Hakuna aliyesema mke wa Mchaga haruhusiwi kuona bahari ya Nungwi. Ila Desemba bei za hoteli za huko zinapanda kama nauli za Moshi, kwa wageni wa Krismasi na mwaka mpya. Tafuta likizo fupi ya mwezi wa tisa, kusi imeanza kupoa, boti hairushi watu tumbo.

Na mumeo akisema Desemba haiwezekani kukosa, usibishane naye. Mkatie tiketi yake moja. Kikao cha ukoo kinamhitaji yeye na mchango wake, mtoto wa darasa la pili hana agenda. Mwaka wenye kipaimara au harusi ya ndugu wa karibu mtakwenda wote na mtalala kwenye magodoro kama watu wengine. Miaka iliyobaki atakwenda, atarudi na ndizi, na nyinyi mtakuwa mmeshakwenda Juni.