Mashine ya Gemu Kutoka Marekani Imegoma Kuwaka

SWALI: Ndugu Mhariri, shemeji yangu alituletea kutoka Marekani mashine ya gemu iliyotumika. Tulipoichomeka ukutani ilitoa mlio mfupi na harufu ya kuungua, na tangu hapo haiwashi hata taa. Je, inatengenezeka? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuifungua, tazameni kibandiko kilicho chini au nyuma yake. Ikiwa kimeandikwa volti 100 hadi 240, chanzo ni kingine. Ikiwa ni volti 120 pekee, basi mmeiunguza kwa umeme wa nyumbani, ambao Tanzania ni volti 230. Ndani ya pawa saplai, yaani sehemu inayopokea umeme wa ukutani na kuugeuza uifae mashine, umeme huo ukishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu (DC) hufikia takriban volti 325, ilhali kapasita kubwa (kijipipa kinachohifadhi umeme) ya vifaa vya volti 120 mara nyingi hustahimili volti 200 tu, hivyo hututumka kichwani au kupasuka, na fyuzi hukatika. Mara nyingi madhara huishia hapo na bodi kuu husalimika.

Kubadilisha fyuzi peke yake hakusaidii. Itakatika tena papo hapo. Mimi ningetafuta pawa saplai nzima ya volti 220 hadi 240 ya modeli ileile, kwa kuwa kubadilisha vipuri vilivyoungua kimoja kimoja humchosha hata fundi hodari. Tafadhali kazi hiyo mwachieni fundi, maana kapasita huweza kubaki na umeme wa hatari hata plagi ikiwa imechomolewa.