Maji ya barabarani kuingia uani

Ndugu yangu, umeuliza kama viroba vya mchanga vitazuia maji ya barabarani yasiingie kwako hapo Goba, Dar es Salaam. Vitasaidia msimu mmoja. Jua likivichoma vinapasuka na mchanga unakwenda. Bora ukuta wa matairi chakavu. Chimba msingi, laza mstari wa kwanza, jaza udongo na kifusi, shindilia mpaka tairi livimbe. Usiache uwazi ndani, maji yakituama mbu wa dengi huzaliana humo. Mstari wa juu ukanyage maungio kama matofali, urudi nyuma kidogo kuelekea kwenye udongo ulio nyuma ya ukuta. Ila tuta la kukatiza barabara ili kugeuza maji, tafadhali, msijijengee. Pikipiki ikija usiku haitaliona. Pelekeni ombi serikali ya mtaa, lifike TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Na jirani wa bondeni mzungumze kabla hujachimba, maji yasije yakahamia kwake.