Wasomaji Wanauliza: WiFi ya ndege, mbona leo ipo kesho haipo?

Mashirika kadhaa ya ndege yanayotua Entebbe yamo katika kazi ya kufunga mitambo mipya ya intaneti angani, na barua za wasomaji zimefuata. Tumechagua zile zenye maswali yanayowagusa wengi.

*Mimi ni mfanyabiashara wa Kikuubo, naenda Ghuba kufuata mzigo. Kwenda, WiFi ilikuwa ya kasi, nikaongea na wauzaji wangu njia nzima. Kurudi, shirika lile lile, ndege kwa macho yangu ni ile ile, mtandao hakuna. Je, nilipunjwa?* – Mama wa Kikuubo, Kampala

Hukupunjwa, mama. Shirika likitangaza kwamba limeanza kuweka WiFi mpya, maana yake ndege ya kwanza imeshafungwa, si zote. Kila ndege sharti itolewe kazini iingizwe karakana, na ndege iliyolala haiingizi pesa, kwa hiyo huingia moja moja. Qatar Airways ilirusha Boeing 777 yake ya kwanza yenye Starlink, intaneti ya setilaiti zinazozunguka karibu na dunia, Oktoba 2024, kati ya Doha na London, ikamaliza 777 zake mwaka 2025 na kugeukia Airbus A350. Emirates nayo ilitangaza Novemba 2025 kwamba inafunga mfumo huo huo kwenye 777 na A380, kazi iliyopangiwa kufika katikati ya 2027. Katika kipindi kama hicho ndege mbili pacha zinaweza kuegeshwa sambamba, moja ina mfumo mpya, ya pili ina wa zamani au haina kitu.

Alama ya WiFi unayoiona wakati wa kukata tiketi mara nyingi hufuata aina ya ndege, si ndege yenyewe. Ndege hutambulika kwa namba ya usajili: za Uganda huanza na 5X, za Emirati A6, za Qatar A7. Programu za kufuatilia safari, kama Flightradar24, huonyesha namba hiyo ndege ikishapangiwa safari, kwa kawaida saa chache kabla ya kuondoka. Lakini hata hapo ndege yaweza kubadilishwa dakika za mwisho ikipata hitilafu. Malipo ya mzigo yasiyoweza kungoja yamalize ukiwa bado chini.

*Nasomea ufundi wa ndege Soroti. Ni nini hasa kinachofungwa, na kwa nini kazi huchukua muda mrefu?* – Mwanafunzi, Soroti

Kazi huanzia kwenye karatasi. Kutoboa ganda la ndege iliyokwisha kuidhinishwa ni kubadili muundo wake, na hilo linahitaji cheti cha nyongeza kutoka mamlaka kama FAA ya Marekani au EASA ya Ulaya, kisha mamlaka ya nchi ilikosajiliwa ndege ikikubali cheti hicho. Kwa ndege za 5X mamlaka hiyo ni UCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Uganda. Cheti cha 777 hakihamii kwenye A350, ndiyo sababu mashirika humaliza aina moja kwanza ndipo yaguse nyingine.

Kisha karakana. Juu ya ganda hutobolewa matundu ya skrubu na ya nyaya. Sehemu hiyo huimarishwa kwa bamba la ziada, maana ganda hutanuka na kunywea kila safari kwa shinikizo la hewa ya ndani, na tundu lisiloimarishwa ndipo ufa unapoanzia. Tundu la nyaya huzibwa lisivujishe hewa. Juu yake hufungwa bamba la kubebea, antena, na mwisho kifuniko, ile nundu unayoiona mgongoni mwa ndege. Kifuniko kina masharti magumu: kistahimili kugongana na ndege wa mwituni, kiwe na vipande vyembamba vya chuma vya kuelekeza radi kwenye ganda, na bado kipitishe mawimbi. Hapa fundi wa rangi anaweza kuharibu kazi ya wote. Rangi ikizidi unene uliowekwa, mawimbi hudhoofika. Maji yakipenya kwenye tabaka za kifuniko, matokeo ni hayo hayo, na abiria ataona intaneti nzito bila mtu kujua kwa nini.

Ndani kuna kisanduku cha umeme, modemu, seva, na vituo vya WiFi vilivyofichwa darini: viwili au vitatu kwenye ndege nyembamba, vitano au zaidi kwenye pana. Kituo kimoja kikifa, safu kadhaa za viti hukosa mtandao huku wengine wakiendelea. Kwa hiyo kabla ya kulalamika, muulize jirani wa safu za mbele kama yeye anapata. Mfumo mzima ukikwama, wahudumu wanaweza kuuzima na kuuwasha upya. Vumilia, kuamka kwake huchukua dakika kadhaa.

Kuhusu muda: antena za zamani zina mota na ni nzito, kwa hiyo kufungwa kwake mara nyingi husubiri matengenezo makubwa. Antena bapa za sasa hazina kinachozunguka. Qatar Airways ilieleza kwamba kufunga 777 moja kulishuka kutoka siku tatu hadi saa 9 na nusu. Wepesi huo ndio uliofungua mlango kwa ndege ndogo pia: United ya Marekani ilianza na Embraer E175 Mei 2025. Adui wa antena bapa ni joto. Ndege ikikaa juani uwanjani bila kupozwa, vifaa vya elektroniki huweza kujizima vyenyewe hadi vipoe.

*Sisi tuko kwenye ikweta, na setilaiti za mawasiliano ziko juu ya ikweta. Basi WiFi ingekuwa bora kuliko zote hapa kwetu. Mbona watu husema inasuasua ndege ikitoka tu Entebbe?* – Msomaji, Entebbe

Swali hili tumelipenda kuliko yote, kwa sababu ukaribu huo unaosaidia dishi la nyumbani ndio unaoipa taabu antena ya ndege.

Mifumo ya zamani hutumia setilaiti zilizotulia juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, zimejipanga mstari mmoja kutoka mashariki hadi magharibi. Antena ya ndege haiwezi kuwa dishi la mviringo, ingepingana na upepo, kwa hiyo hutengenezwa pana kwa upande na fupi kwa kimo. Umbo hilo hutoa mwale mwembamba kwa upande lakini mpana kwa juu na chini. Ndege ikiwa Ulaya, mstari wa setilaiti umelala upande wa kusini, na mwale mwembamba hulenga setilaiti moja bila kugusa jirani zake. Ikiwa juu ya Ziwa Viktoria, mstari ule ule umesimama: unapanda kutoka upeo wa macho hadi utosini. Sasa upande mpana wa mwale unalalia mstari na kugusa setilaiti kadhaa kwa pamoja. Kanuni za mawasiliano zinakataza kuziingilia za jirani, kwa hiyo modemu hupunguza nguvu ya kurusha. Ndiyo maana ujumbe wa maandishi unapita lakini picha unayoituma inazunguka tu.

La pili, setilaiti ikiwa utosini kabisa, antena ya mota hupata shida kuifuata. Ndege ikiinama kidogo kukata kona, mota hulazimika kuzungusha antena kwa ghafla, na mawasiliano hukatika kwa muda.

Kuna na umbali. Ombi lako hupanda hadi setilaiti, hushuka kituo cha ardhini, na jibu hurudi njia ile ile: zaidi ya kilomita 143,000. Kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde, kabla hujaongeza kazi za modemu na seva. Starlink huzunguka kwenye kilomita 500 hivi, na safari hiyo hiyo huchukua sehemu chache tu za elfu za sekunde. Hapo ndipo tofauti inaposikika vidoleni.

Hata hivyo, setilaiti za chini nazo hazijakwepa ikweta yetu. Haziruhusiwi kurusha mawimbi kwa uelekeo unaozivuruga zile zilizotulia juu, kwa hiyo ukanda wa anga ulio utosini kwetu hauguswi, na antena hutafuta setilaiti za kaskazini au kusini. Tena nyingi kati yake zina njia zilizoinama nyuzi 53, na hukusanyika zaidi karibu na latitudo hiyo kuliko juu ya vichwa vyetu. Kazi inafanyika, ila akiba ni ndogo zaidi kuliko ya mtu aliye juu ya Ulaya.

Mvua ya alasiri ya Entebbe pia imo. Hunyonya mawimbi wakati wa kupaa na kushuka. Ndege ikifika kilomita 10 au 12, sehemu kubwa ya mvua imebaki chini. Na mifumo mingi ya zamani haifunguliwi kwa abiria kabla ya futi 10,000.

*Nilijaribu kulipia kwa kadi ndani ya ndege. Ukurasa ukadai namba ya siri inayotumwa kwa SMS. Haikufika.* – Msomaji, Mbarara

Isingefika. Simu iliyo katika hali ya ndegeni haipokei SMS za laini. Lipia mapema kwenye tovuti ya shirika kama linaruhusu, na kabla ya safari iulize benki mambo mawili: kama kadi imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni kwa fedha za kigeni, na kama malipo yanaweza kuthibitishwa ndani ya programu yao au kwa baruapepe badala ya SMS. Kurasa za malipo za ndegeni kwa kawaida hutaka Visa au Mastercard, hivyo usipande ukitegemea pesa zilizoko kwenye simu.

*Simu yangu imeunganishwa na WiFi ya ndege lakini ukurasa wa kuingia haufunguki.* – Msomaji, Jinja

Zima VPN kwanza. Kwenye Android nenda Mipangilio, mtandao, DNS ya faragha, uizime. Hiyo ndiyo inayosahaulika zaidi. Kisha fungua kivinjari na uandike anwani iliyo kwenye kadi ya kiti au kwenye skrini. Kama huna, andika http://example.com bila herufi s baada ya http. Ukurasa wenye ulinzi kamili haukubali kuelekezwa kwingine, huu usio na s hukubali, na ndipo lango la ndege linapojitokeza. Andaa jina la ukoo kama lilivyo kwenye tiketi, na namba ya kiti.

Ukishaingia usibonyeze kitufe cha kusahau mtandao. Mfumo hukutambua kwa anwani ya kifaa chako, na simu za sasa huweza kuibadilisha. Ikibadilika, kifurushi ulicholipia huonekana ni cha mtu mwingine. Weka anwani isiyobadilika kwenye mipangilio ya WiFi hiyo kabla ya kulipa.

Zima pia upakiaji wa picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, masasisho ya programu, na upakuaji wa video za magrupu ya WhatsApp. Tuseme ndege ina kasi ya Mbps 50 (megabiti kwa sekunde) na watu 100 wameingia: kila mmoja ana nusu Mbps. Simu moja inayopakia picha za harusi nzima inawanyima majirani wote.

*Nilitua nikakuta salio langu lote limekwisha, na WiFi sikuigusa. Nani alilila?* – Msomaji, Arua

Mtandao wa simu, ndugu yetu. Baadhi ya ndege zina kituo kidogo cha simu ndani yake, na jina kama AeroMobile hutokea kwenye skrini pale laini inapoandikwa. Huo ni utumiaji wa nje ya nchi kwa bei ya angani, na vifurushi vya kawaida vya safari mara nyingi haviugusi. Simu isiyozimwa laini hujiunga yenyewe, programu zikaanza kuvuta data. Washa hali ya ndegeni kabla ya kupaa, kisha uwashe WiFi peke yake, na uzime data ya nje ya nchi usiku wa kuamkia safari.

*Naweza kupiga simu ya WhatsApp?* – Msomaji, Gulu

Mashirika mengi hayaruhusu kuongea kwa sauti, hata pale mtandao unapoweza. Andika, au pokea ujumbe wa sauti kwa vipokea sauti vya masikioni. Kifurushi cha bure cha ujumbe mara nyingi hupitisha maandishi tu.

*Nikielekea Guangzhou mtandao ulikatika ghafla katikati ya safari, anga ikiwa shwari.* – Msomaji, Kampala

Huenda uliingia kwenye anga la nchi isiyoruhusu mfumo huo. Kibali cha kuuza vifaa vya intaneti ya nyumbani na kibali cha ndege kurusha mawimbi ikipita ni vitu viwili, na kila nchi ina yake. India, kwa kanuni za 2018, huruhusu kuanzia mita 3,000. China haijaipa Starlink leseni. Kukatika kwa sekunde chache hadi dakika moja ni jambo jingine: ni ndege kuhama kutoka mwale mmoja wa setilaiti kwenda mwingine. Ulilipia na ukakosa kwa muda mrefu? Andika saa, namba ya kiti na namba ya safari, hifadhi picha ya risiti, udai fedha kupitia anwani iliyo kwenye ukurasa wa malipo. Wahudumu hawana uwezo wa kurudisha pesa.

*Entebbe hadi Nairobi, nilipie?* – Msomaji, Kampala

Hapana. Safari ni kama saa moja. Ukiondoa kupaa na kushuka, na dakika za kuingia kwenye lango, unabaki na nusu saa hivi ya kutumia. Kama kifurushi ni cha bure, ingia. Kama ni cha saa nzima kwa dola, pakua unachohitaji kwenye WiFi ya uwanja kabla ya kuitwa.