Mvua ya mawe imetoboa mabati, bima watalipa?

Swali: Habari mhariri, niko Kericho, juzi mvua ya mawe imetoboa mabati ya jikoni na bima ya nyumba ninayo, sasa fundi anataka kuezeka leo leo, nimruhusu?

Jibu: Pole sana, ila fundi angoje kwanza! Piga picha mabati na dari, wapigie bima leo, matundu funika na turubai na risiti uweke, maana ukibadilisha mabati kabla mkaguzi wao hajafika mtabishana mpaka uchoke. Kama yalishaota kutu watasema ni uchakavu (hapo ndo wengi hukwama). Wakikataa bila sababu peleka malalamiko IRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kampuni za bima Kenya. Na ukiezeka achana na geji 30, chukua 28, namba ikishuka ndo bati linakuwa nene.