Kabla Pazia Halijafunguliwa: Kwa Wanaoanza Kutafiti Sanaa za Maonyesho na Jinsia

Ninawaandikia vijana mnaoanza shahada za uzamili na uzamivu katika sanaa za maonyesho, hasa ninyi mliochagua kuchunguza jinsi sanaa hizo zinavyohusiana na jinsia. Nimefundisha na kutafiti katika uwanja huu kwa zaidi ya miaka ishirini, na nilichelewa mno kuelewa kwamba swali la jinsia huanza kujibiwa kabla ya onyesho, pale inapoamuliwa nani atafika mazoezini, saa ngapi, na kwa ruhusa ya nani.

Katika utafiti wangu wa kwanza nilikaa na kikundi cha sanaa katika kijiji kimoja cha mkoa wa Pwani. Mazoezi yalikuwa saa kumi jioni, na wasichana watatu walichelewa kila siku, nami nikaandika katika daftari kwamba nidhamu yao ilikuwa hafifu. Wiki ya pili nilimfuata mmoja wao kisimani. Alikuwa na ndoo mbili na mbele yake palikuwa na foleni ndefu. Hapo hapo alikuwa akijikumbusha maneno yake ya mke aliyepigwa na mumewe, akiyasema kwa sauti ya juu kama alivyoelekezwa na mwongozaji. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake akamwambia kwamba mke wa namna hiyo hasemi hivyo. Mama huyo akaweka ndoo yake chini, akainamisha uso, akalishika pindo la kanga na kulikunja taratibu vidoleni, kisha akayasema maneno yale yale kwa sauti ya chini huku jicho lake likiwa upande mmoja, kana kwamba kuna mlango ambao wakati wowote mtu angeweza kuuingia. Foleni nzima ikanyamaza. Sijaona uigizaji wa kweli kuliko ule, na aliyeufanya hakuwa mwanakikundi wala jina lake halikuwa katika orodha yangu ya watu wa kuhojiwa.

Nilipomweleza mwongozaji, kwa nia njema alisogeza mazoezi hadi saa mbili usiku, na wasichana wale wakakosa kabisa, kwa kuwa wazazi hawakuwa tayari kuwaachia watoke usiku. Mwishowe igizo lilifanyiwa mazoezi chini ya mwembe karibu na kisima, wakati wa foleni, na akina mama wakawa wasahihishaji wake. Kwa hiyo andikeni saa za mazoezi, andikeni nani anabaki na watoto, nani anashona maleba, nani anaketi viti vya mbele na nani anatazamia ukutani. Andikeni pia maneno yaliyokuwamo katika toleo la kwanza la igizo na yakaondolewa kabla viongozi hawajaalikwa, pamoja na jina la cheo cha aliyeagiza yaondolewe.

Msidhani kwamba njia hii tumeiazima ughaibuni. Penina Muhando, ambaye tamthilia yake ya Nguzo Mama ilitoka mwaka 1982, aliandika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya sanaa za jadi za Wakaguru kama taasisi ya elimu. Amandina Lihamba alikamilisha yake huko Leeds, Uingereza, mwaka 1985, akichunguza siasa na maonyesho nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Mradi wa Tuseme, ulioanza mwaka 1996, uliwapa wasichana wa shule za sekondari nafasi ya kubaini wenyewe vikwazo vya masomo yao, kuviigiza, na kuvijadili mbele ya walimu na wenzao. Jina lenyewe lina mafunzo, maana tendo lililotangulizwa ni kusema, na aliyekuwa akizungumziwa na watu wengine akawa msemaji.

Kuna jambo jingine ambalo linanigusa zaidi, nalo ni unyago. Mtafiti mwanamke anaweza kukaribishwa ndani, akawaona makungwi wakiwafunda wali, yaani wasichana wanaochezwa unyago, akasikia nyimbo na kuona michezo ambayo ni sanaa ya hali ya juu kabisa. Dunia ilimfahamu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, kwa ngoma yake ya unyago jukwaani, lakini ngoma ya jukwaani na mafundisho ya ndani ni mambo mawili. Nami niliwahi kunukuu wimbo wa ndani katika mada niliyoiwasilisha kwenye kongamano, bila kutaja kijiji, nikiamini kwamba kuficha jina kunatosha. Habari zilimfikia kungwi aliyenipokea. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia, “Mwanangu, nilikuingiza ndani, sikukutuma nje.” Niliuondoa wimbo ule katika kila nilichochapisha baadaye, na sura iliyoutegemea nikaiandika upya. Fomu ya ridhaa iliyotiwa saini siku ya kwanza haimalizi jambo hili. Rudini mkaulize tena kabla ya kuchapisha, kwa kila wimbo na kila picha.

Kuhusu vibali nitasema kwa ufupi: Tanzania Bara mtaanzia COSTECH, yaani tume ya sayansi na teknolojia, Kenya mtaanzia tume kama hiyo iitwayo NACOSTI, na Zanzibar ina utaratibu wake. Baada ya hapo barua hushuka mkoani, wilayani, katani, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Tengeni muda wa kutosha, wala msidhani kwamba barua ya mtendaji ndiyo ruhusa ya akina mama.

Suala la lugha, kwa upande wangu, ni zito zaidi. Kiswahili hutusaidia kutofautisha jinsi, yaani hali ya maumbile, na jinsia, yaani nafasi ambayo jamii humpa mtu kwa sababu ya maumbile hayo, ingawa katika mazungumzo ya kawaida maneno haya huchanganywa. Waliohojiwa kwa Kiswahili wakiandikwa kwa Kiingereza pekee, hunyimwa haki ya kusoma walivyoelezwa. Najua kwamba kupandishwa cheo kunadai makala za majarida ya nje, nami nimeziandika. Hata hivyo, yapo majarida yaitwayo Kiswahili na Mulika, na makala moja humo inaweza kusomwa na mwalimu wa sekondari anayeongoza kikundi cha maigizo.

Siku hizi rasimu zangu huzisoma kwa sauti kwa wale niliowaandika. Mara ya mwisho tulikaa mkekani kuanzia alasiri, na mama yule wa kisimani, ambaye sasa ana wajukuu, alinisimamisha penye sentensi iliyosema kwamba mke katika igizo “alikaa kimya.” Akasema hakukaa kimya, alinyamaza, na akanitaka nilibadilishe neno hilo kabla hatujaendelea.