Barua kwa mwanangu daktari, kuhusu mwakilishi wa dawa asiyeomba kitu

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na swali lako nalirudia hapa ili tusije tukapishana. Unasema mwakilishi wa kampuni ya dawa anayepita kwenye kliniki yenu ni mtu wa adabu, hajawahi kukuomba chochote, dawa anazozinadi ni nzuri kweli, na sasa kampuni yake imekualika kwenye mkutano wa siku tatu, nauli na malazi juu yao. Daktari mwenzio amekwambia ukienda umeshanunuliwa. Wewe unasema hununuliki. Unataka mimi, niliyekuwa mwakilishi wa dawa na kubeba mkoba kama wake kwa miaka mingi, niamue nani mkweli kati yenu.

Mwenzio amekosea, na wewe umekosea zaidi.

Hakuna anayekununua. Daktari wa kununulika yupo, anajulikana mapema, na kampuni yenye akili haimtegemei, kwa sababu leo atakula kwako na kesho atakula kwa mshindani wako. Wenye thamani ni wale wengine, waaminifu kama wewe, ambao ukiwapa bahasha watakutoa nje mbele ya wagonjwa. Hao ndio wenye foleni ndefu mlangoni, hao ndio wanaoigwa na madaktari wadogo. Kwao bahasha haina kazi. Wanachokosa ni mtu wa kuwasikiliza, na sisi tulifunzwa kusikiliza.

Sitakuomba radhi kwa kazi iliyokulipia ada. Nilikuwa naifanya vizuri, na ndiyo maana naweza kukueleza ilivyo ndani.

Mwakilishi haingii kwako bila shabaha. Nilikuwa na daftari, siku hizi ni kishikwambi, na kila daktari alikuwa na ukurasa wake: siku ambayo hana haraka, timu anayoshabikia, mtoto anayefanya mtihani, dawa anayoiandika sasa na kwa nini, pingamizi alilotoa mara iliyopita. Mstari wa mwisho ulikuwa mmoja kwa wote: ziara ijayo nataka akubali nini. Ukurasa wa daktari mmoja mkali sana niliuandika hivi: "Anahofia figo. Hapendi maneno mengi. Muulize habari za yule mgonjwa wake wa kisukari." Nikiingia, naanza na mgonjwa wa kisukari. Wala sikuwa naigiza. Nilitaka kujua kweli kama mzee yule amepona kidonda. Ningeigiza, daktari angenigundua siku ya kwanza.

Kabla ya kufika kwako nimeshapita kwa mfamasia. Kwa maneno mawili matatu ya urafiki atanionyesha vyeti vya dawa mlivyoandika juma hilo, nami nitajua kama ulichoniahidi umekitenda. Wakubwa wana njia pana zaidi. Marekani yapo makampuni yanayonunua kumbukumbu za maduka ya dawa na kuwauzia watengenezaji, mwakilishi akaona daktari gani ameandika nini na kiasi gani. Jimbo la Vermont lilitunga sheria ya kuzuia biashara hiyo. Kampuni ya IMS Health na wenzake wakaipinga, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta kwa kura 6 kwa 3, kwa hoja ya uhuru wa kujieleza. Kwa hiyo unaponiambia hajawahi kukuomba kitu, nakuamini. Hana haja ya kuomba, anaona.

Sasa hilo la kutonunulika. Mwaka 2001 ulichapishwa uchunguzi wa madaktari waliokuwa bado mafunzoni Marekani. Waliulizwa kama zawadi na ziara za makampuni zinagusa namna wanavyoandika dawa. Asilimia 61 walisema wao haziwagusi. Wakaulizwa kuhusu madaktari wenzao, na ni asilimia 16 tu waliosema wenzao nao hawaguswi. Kila mmoja alikuwa amesimama imara akiwaangalia wengine wakiteleza. Wewe na mwenzio mmefanya vivyo hivyo, na bado mnasalimiana.

Mwaka 2016 wengine wakaangalia kumbukumbu za madaktari wapatao 280,000 wa nchi hiyo hiyo, na malipo waliyopokea kuhusiana na dawa nne zilizokuwa zikinadiwa. Asilimia 95 ya malipo yale ilikuwa chakula, na wastani wa thamani yake haukufika dola 20. Hata waliokula mara moja tu waliandika dawa iliyonadiwa zaidi ya wasiokula, na kadiri milo ilivyoongezeka, vyeti navyo viliongezeka. Utasema, kama ulivyofundishwa, kwamba mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kuwa moja limeleta lingine. Huenda anayeipenda dawa ndiye anayekaa kusikiliza na kula. Ni kweli, na watafiti wenyewe walitahadharisha hivyo. Ila mimi nilikuwa nikijaza fomu za kuomba fedha za chakula hicho, na kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kueleza mauzo yanayotarajiwa. Ukiiacha wazi, hupewi.

Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Kitu kikubwa kinamshtua mtu mwaminifu. Kalamu, maandazi ya saa nne, salamu kwa mtoto, havimshtui. Vinaacha deni dogo la utu, na deni la utu mtu aliyelelewa vizuri hulilipa bila kukumbushwa. Kosa si lako, ni malezi yangu.

Sampuli, zile dawa za bure mnazoachiwa, ndizo ninazokuomba uzitazame kuliko chakula. Kampuni hailetei kliniki sampuli za dawa kongwe ambayo kila kiwanda kinaitengeneza. Inaleta mpya, yenye jina la kibiashara, ghali. Anakuja mgonjwa wa presha asiye na kitu, unamfungulia droo, unampa dozi ya wiki mbili, anaondoka akikuombea dua. Na wema umetenda. Wiki mbili zikiisha presha imeshuka, mgonjwa hataki kusikia habari ya kubadilisha, na droo iko tupu. Sasa atainunua kila mwezi, maisha yake yote, wakati ile kongwe pengine ingemshusha presha vilevile tangu siku ya kwanza. Nawe kalamu yako imeshazoea jina lile. Ukikuta droo yenu imejaa dawa za kampuni mbili tu, usishangae ukikuta na vyeti vyenu vimejaa dawa hizo hizo.

Nije kwenye lile linaloniudhi katika barua yako. Umeandika: "Huyu si mwongo, mama, anaiamini dawa yake." Mwanangu, hapo ndipo penye hatari. Mwongo utamjua. Anayeamini utamjuaje?

OxyContin, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, ilipoingia sokoni mwaka 1996, wawakilishi wa kampuni ya Purdue waliwaambia madaktari kwamba uwezekano wa mgonjwa kuwa mraibu hauzidi asilimia 1. Ndivyo walivyofundishwa wao wenyewe. Mauzo yakapanda kutoka dola milioni 48 mwaka ule hadi zaidi ya bilioni 1 mwaka 2000. Mwaka 2001 wastani wa bonasi ya mwakilishi ulikuwa dola 71,500 hivi, na mshahara wake wa wastani 55,000. Bonasi ilizidi mshahara! Mwaka 2007 kampuni mshirika ya Purdue na wakuu watatu wakakiri mahakamani kwamba dawa ile ilinadiwa kwa maelezo ya kupotosha kuhusu uraibu. Usidhani kwamba kila aliyebeba mkoba wa OxyContin alikuwa shetani. Wengi waliamini kwa sababu walitaka kuamini, na mtu anayelipwa hivyo hutaka sana.

Vioxx nayo, ya kampuni ya Merck, ilikuwa dawa ya maumivu ya viungo, iliyoidhinishwa mwaka 1999. Kulikuwa na hati ya kuwafundisha wawakilishi iliyoitwa "Dodge Ball Vioxx", kwa jina la mchezo wa kukwepa mpira, yenye orodha ya maswali magumu ya madaktari, likiwemo la wasiwasi kuhusu moyo, na kurasa za mwisho zilikuwa na neno moja tu: "Kwepa!" Hati hiyo ilianikwa na wabunge wa Marekani mwaka 2005. Dawa ilikuwa imeshaondolewa sokoni Septemba 2004, baada ya kuthibitika kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Daktari aliyeuliza swali sahihi alikuwa amejibiwa kwa tabasamu na kipeperushi.

Tena vipeperushi vyenyewe havina uongo ndani. Havihitaji. Utaona imeandikwa kwamba dawa inapunguza hatari kwa nusu. Ukichimba unakuta kwa wagonjwa 100 walikuwa wanapata tatizo 2, sasa anapata 1. Vyote viwili ni kweli, ila kimoja kimechapwa kwa herufi nene. Au grafu ambayo mstari wake wa chini hauanzii sifuri bali 90, tofauti ya pointi mbili ikasimama kama mnara. Nilikuwa nikiifunika sehemu ile kwa kidole gumba huku nikionyesha kwa kalamu. Tulifundishwa pa kushika karatasi.

Njia yenyewe si haramu. Mwaka 1983 Jerry Avorn na Stephen Soumerai, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, walichapisha jaribio walilofanya kwa kuiga kazi yetu: waliwatuma wafamasia waliofunzwa wakawatembelee madaktari mmoja mmoja, kwa adabu ile ile na karatasi nzuri zile zile, lakini bila dawa ya kuuza. Uandikaji wa dawa zisizostahili zilizolengwa ukashuka kwa asilimia 14 ukilinganisha na wasiotembelewa. Niliposoma habari ile nilicheka peke yangu. Uwezo wa ziara ni ule ule. Kinachobadilika ni nani anamlipa mgeni. Ungeniuliza hospitali yenu ianzishe nini, ningekwambia ianzishe hilo kabla ya kubandika tangazo la kuwafukuza wawakilishi.

Kwa hiyo usimfukuze kijana wa watu. Pengine ni mfamasia aliyekosa nafasi hospitalini, na lengo la mwezi linamkaba. Mpokee mkiwa wawili au watatu, mfamasia wenu akiwepo, kwa muda mliopanga, si mlangoni wagonjwa wakisubiri. Akimaliza, muulize dawa yake imelinganishwa na nini: na zile mnazozitumia sasa, au na kidonge kitupu kisicho na dawa ndani? Kisha umuulize nani hapaswi kupewa. Mwakilishi mzuri atajibu la pili bila kigugumizi. Akijiuma-uma, basi hakufundishwa, na hilo nalo ni jibu. Halafu ukasome mwenyewe kwingine, kusiko na jina la kampuni. Sampuli zisikae kwenye droo yako. Zipelekwe duka la dawa la hospitali ziandikwe kitabuni, au zisipokelewe kabisa.

Mkutano, sasa. Kanuni za shirikisho la kimataifa la makampuni ya dawa, IFPMA, zinaruhusu kampuni kumlipia daktari nauli na malazi ya mkutano wa kitaaluma, bila starehe pembeni na bila kumlipia mwenza wake. Zawadi za binafsi walizipiga marufuku mwaka 2019. Hivyo kwa kanuni zao hujakosea kualikwa. Mimi ningeangalia ratiba. Ikiwa imepangwa na chama cha madaktari, na dawa za washindani nazo zinajadiliwa, omba hospitali ikuteue kwa barua, kampuni iilipe hospitali badala ya kukulipa wewe, na ukirudi uwaambie wenzio nani alilipa kabla hujaanza kuwasimulia. Ikiwa wasemaji wote wanalipwa na kampuni hiyo, ile ni ziara ya siku tatu, nami nisingekwenda. Mwenzio naye mwoneshe ratiba hiyo, tuone kama bado atasema umenunuliwa au atauliza naye anaandikwa wapi.

Usijibu mwaliko kabla hujanitumia ratiba. Na kipeperushi alichokuachia kipige picha pande zote mbili. Nitaanza na ule wa nyuma, wenye maandishi madogo.

Mama yako